Sehemu ya Pili Bila ya Kwanza: Kisa cha Kutoa Upya Filamu ya Chinjachinja, Kigoma

Kisa hiki kinahusu sehemu ya pili ya filamu ya kutisha ya bajeti ndogo, iliyopigwa Kigoma mjini na Ujiji enzi za VCD, na jinsi ilivyorudishwa sokoni zaidi ya miaka kumi baadaye kwa ajili ya watu kuitazama majumbani. Niliitwa kusaidia upande wa makaratasi, nikaishia kukaa hadi mwisho. Jina la filamu, majina ya watu, mwaka kamili na mitaa ambayo ingewataja wenyewe vimeondolewa. Mfuatano wa matukio haukuguswa, kwa sababu shida kubwa ya kisa hiki imo ndani ya mfuatano huohuo.

Usuli

Katikati ya miaka ya 2000, hasa baada ya filamu ya kutisha ya Shumileta, ya Mussa Banzi (2005), watu wengi wenye kamera ya harusi walianza kuamini kwamba mzimu unauza. Kigoma nako vijana wa kikundi cha maigizo walimpata mfanyabiashara wa dagaa aliyekubali kuweka pesa, wakatengeneza filamu ya chinjachinja. Mtoto wa Kigoma hahitaji kuelezwa chinjachinja ni nani. Ndiye aliyekuwa akitumiwa na mama zetu kutuingiza ndani magharibi ikikaribia. Wa filamu hii alivaa gunia la chumvi kichwani, akatokea kwenye michikichi na panga, na akawamaliza vijana mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio uleule wa filamu za Marekani ambazo kundi zima lilikuwa limezitazama kwenye mabanda ya video.

Filamu hiyo ya kwanza iliuzwa kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa mtindo wa wakati ule: pesa mara moja, karatasi moja, sentensi moja ya maana. Mtayarishaji, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kurekodi harusi, alisaini kwamba ameuza "filamu hii na haki zake zote", akakabidhi masta, yaani nakala kuu ya filamu, akapanda treni kurudi. VCD zilipotoka zilikwenda vizuri, naye hakuongezewa hata nauli.

Ndiyo maana sehemu ya pili aliitengeneza kwa pesa yake na hakumuuzia mtu. Bajeti ilikuwa ndogo kuliko ya harusi ya kawaida ya mjini. Waigizaji walikula ugali na migebuka, wakaahidiwa "tukiuza tutagawana", na hakuna aliyeandika chochote. Kwa kuwa alikuwa hana pesa ya kujaza saa nzima na nusu, alifungua filamu kwa dakika sita za "yaliyopita", alizozichukua kwenye VCD ya sehemu ya kwanza, VCD ambayo yeye mwenyewe aliinunua dukani kama mteja mwingine.

Mbinu hii haikuanzia kwetu. Silent Night, Deadly Night Part 2, filamu ya Marekani ya 1987, imejazwa vipande vya filamu iliyoitangulia hadi karibu nusu ya muda wake. Waliokuwa na bajeti kiduchu na tarehe ya kutoa filamu wamefanya hivyo kila mahali. Tofauti ni kwamba anayefanya hivyo kwa kawaida anazimiliki filamu zote mbili, au ana karatasi ya anayezimiliki. Wa kwetu alikuwa na VCD ya dukani.

Sehemu ya pili ilichomwa diski moja moja kwenye kompyuta, ikauzwa Mwanga na Kibirizi, na nyingine zikavuka na boti kwenda Burundi na Kongo. Baada ya muda ikaingia kwenye zile diski za filamu kumi kwa moja, na hapo mauzo yakafa. Mtayarishaji akarudi kwenye harusi.

Kwa nini irudi

Kicheko. Mtu fulani alikata sekunde chache za muuaji akicheka ndani ya gunia, akaziweka mtandaoni, na vijana ambao filamu ilipotoka walikuwa bado wanabebwa mgongoni wakaanza kukiigiza. Wakawa wanauliza filamu yenyewe iko wapi. Iliyopatikana ilikuwa nakala ya nakala, picha ina chenga na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Mtayarishaji, sasa mtu mzima mwenye wajukuu, alikutana na mhariri kijana wa mjini, wakakubaliana kuitoa upya kwa njia tatu: DVD chache kwa ajili ya vijijini ambako deki bado zinafanya kazi, flashi zenye jalada lililochapwa vizuri, na baadaye mtandaoni. Hili la DVD lilichekwa na wengi. Nitalirudia kwenye matokeo.

Simu iliyopigwa mapema

Mhariri aliziona zile dakika sita siku ya kwanza kabisa, akauliza zimetoka wapi. Alipojibiwa akasema hatuwezi kuzitoa hivihivi. Alikuwa sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi ya picha jongefu kwa miaka 50. Filamu ya miaka kumi na kitu bado mbichi kabisa kisheria, na sehemu ya kwanza ilikuwa imeuzwa kwa maandishi.

Kilichofuata ndicho kilichoamua mengi. Mtayarishaji alichukua simu jioni hiyohiyo akampigia msambazaji. Hakuwa amefungua hata kanda moja, na hakujua alichonacho ndani. Alitaka tu jambo liishe kiungwana.

"Mzee wangu, ile mali ulishaniuzia," msambazaji alimjibu, kwa upole tu. "Ukitaka dakika zako sita, milioni tatu. Au niletee na hiyo ya pili tumalizane kabisa."

Milioni tatu zilizidi bajeti yote ya kuitoa upya. Akakata simu amekasirika, na uamuzi ukapita palepale: yaliyopita yanaondolewa.

Likabaki swali la pili, zito zaidi kuliko la dakika sita, ambalo hakuna aliyekuwa amelitaka: je, muuaji mwenyewe ni wa nani? Kama haki zote za filamu ya kwanza ziliuzwa, gunia na panga vilikwenda navyo? Tuliisoma ile karatasi mara nyingi kuliko ilivyostahili. Ilitaja filamu kwa jina lake. Haikutaja hadithi wala wahusika, na mwendelezo haukutajwa popote. Mtayarishaji ndiye aliyeandika hadithi, na daftari lenye mwandiko wake lilikuwapo. Tena msambazaji aliiona sehemu ya pili sokoni kwa miaka yote ile na hakuwahi kulalamika. Uamuzi ulikuwa kuendelea, na kuisajili sehemu ya pili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la mtayarishaji kabla ya kutoa chochote. Sikuona njia nyingine, ingawa ningekuwa wakili wa upande wa pili ningekuwa na la kusema kuhusu namba 2 iliyofuata jina ambalo mteja wangu alilinunua.

Debe la biskuti

Kompyuta iliyotumika kuhariri ilikuwa imekufa zamani. Wakati ule Kigoma ilikuwa inaendeshwa kwa jenereta za dizeli, na umeme ukirudi kwa kishindo ulichukua na mali za watu. Zilizobaki ni kanda za MiniDV kwenye debe la biskuti, juu ya kabati, ndani ya nyumba isiyo mbali na ziwa. Nyingine zilikuwa zimeota kuvu mweupe ukingoni mwa utepe.

Kanda hizi husomwa na kamera, na kamera huzungumza na kompyuta kwa waya wa FireWire, tundu ambalo kompyuta mpya hazina. Kamera nzima ilipatikana Ujiji kwa mpiga picha za harusi aliyekataa kuuza lakini akakubali kukodisha, mradi naye akae hapohapo. Kompyuta ya zamani yenye tundu hilo ilitoka stoo ya ofisi moja. Kanda zenye kuvu zilikaushwa kwanza, zikapelekwa mbele na kurudishwa nyuma pole pole, na kichwa cha kamera kikasafishwa baada ya kila moja. Palipoharibika picha ilikatika miraba-miraba, lakini sehemu kubwa ilipona.

Kwa nini kuhangaika hivyo wakati VCD ipo? Hesabu yenyewe inajibu. Picha ya VCD ni nukta 352 kwa 288. Ya MiniDV ya mfumo wetu wa PAL ni 720 kwa 576, yaani nukta zaidi ya mara nne. Kijana mmoja alikuja na programu ya kukuza picha kwa akili mnemba, akaijaribu kwenye VCD, ikampa muuaji meno juu ya gunia. Tukaachana nayo.

Sababu ya pili ilikuwa ya sauti, nayo ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza. Sehemu ya pili yote, ilipotoka mara ya kwanza, ilifunikwa na muziki uliochukuliwa kutoka filamu maarufu za kutisha za nje, bila ruhusa ya mtu. Wakati ule nani angejua? Leo mitambo ya mitandao inautambua muziki huo kabla hujamaliza kupakia. Kwenye VCD, muziki na maneno ya waigizaji vimeungana katika sauti moja na havitenganishwi kirahisi. Kwenye kanda mbichi, maneno yako peke yake, pamoja na mbwa, jogoo na boti inayopita.

Basi mhariri akaamua kuijenga filamu upya kutoka kanda mbichi, akiifuata VCD kama ramani, mkato kwa mkato. Kazi hii ilimla wiki nyingi. Alipofika mwisho akagundua kanda moja haimo debeni: ile yenye pambano la mwisho, ufukweni, usiku.

Akakuta na jambo jingine. Kanda nne za chini, zisizo na maandishi, hazikuwa za sehemu ya pili. Zilikuwa za sehemu ya kwanza, mbichi, karibu zote. Mtayarishaji alikuwa amekabidhi masta Dar na kusahau kwamba alibaki na kanda zenyewe. Wakati huo milioni tatu zilikuwa zimeshatajwa, hasira imeshakaa, na yaliyopita yameshakatwa.

Giza, mawese na mgomba

Taa za filamu hii zilikuwa karabai mbili na pikipiki. Matukio ya usiku yalimulikwa kwa taa ya pikipiki iliyosimamishwa nyuma ya michikichi, na kwenye VCD giza lilikuwa giza tu. Mhariri alipozipandisha kanda mwanga, kwa nia njema kabisa, porini kukaonekana: kijana amekaa juu ya pikipiki anashika usukani ili taa isitikisike, na muuaji amevaa kandambili, moja ya bluu na moja nyekundu. Walicheka hadi mpiga picha wa Ujiji akasimamisha kamera.

Hoja ikawa je, tuyaache mambo haya yaonekane? Watoza filamu wa nje wanayapenda. Mtayarishaji akasema hapana: "Watu walikuwa wanaogopa. Mkiwaonyesha pikipiki mmewanyang'anya." Mwanga ukashushwa hadi pikipiki ikazama, ingawa kandambili bado zinaonekana mara moja kwa anayejua pa kuangalia.

Damu ilikuwa na kesi yake. Ilikuwa mawese yaliyochanganywa na choya, na kwenye picha safi mawese yanabaki mawese: yana rangi ya chungwa, yanang'aa, na yanaganda shingoni mwa marehemu kama mchuzi uliopoa. Mhariri alijaribu kuyageuza mekundu, na ngozi za watu zote zikageuka nazo, mtu mzima akaonekana ana homa. Akayaacha. Nadhani huu ndio uamuzi bora wa kazi nzima, na haukutokana na nadharia yoyote, alishindwa tu.

Sasa lile pambano la ufukweni. Picha ilibidi ichukuliwe kwenye DVD ya zamani iliyopatikana kwa shabiki wa Kasulu, afadhali kuliko VCD, lakini unauona mshuko: dakika nne za mwisho ni laini na zina ukungu kuliko zote zilizotangulia. Sauti ndiyo iliyokuwa mtihani, kwa kuwa kwenye DVD muziki wa wizi umekaa juu ya kila kitu. Njia zilikuwa tatu: kuacha muziki na kubahatisha, kuwaita waigizaji wadabu upya, au kufuta sauti yote na kutengeneza nyingine.

Walihesabu maneno. Pambano zima lina sentensi tatu, na mbili kati yake ni "Niache!" Wakafuta sauti yote. Mawimbi yalirekodiwa Katonga alfajiri kabla boti hazijaanza kurudi. Pumzi ndani ya gunia alizitoa mhariri mwenyewe. Panga likiingia mwilini lilikuwa panga likiingia kwenye mgomba. Walikata migomba mitatu iliyokwisha kuzaa, na waligundua kwamba ukikata kwenda ndani sauti ni kavu, bali ukilichomoa panga taratibu, maji ya mgomba yanalivuta na kutoa mlio ambao hata aliyekuwa amelishika hakupenda kuusikia mara ya pili. Huo mlio wa kuchomoa ndio uliotumika.

Muziki mpya ulipigwa na mpiga kinanda wa mjini kwa mkataba wa maandishi, mfupi, uliosema unatumika wapi na kwa malipo gani. Sina zaidi la kueleza hapo, ulifanyika inavyotakiwa.

Waliocheza

Sheria ya 1999 ina hakishiriki, haki za watumbuizaji, na hakuna aliyekuwa amesaini kitu. Mtayarishaji alipewa kazi ya kuwatafuta mmoja mmoja. Wengi walifurahi na wakasaini kwa mgao wa asilimia. Mmoja alikuwa amefariki. Mdogo wake alisaini kwa niaba ya familia, akaomba jina la marehemu liandikwe kwa ukamilifu mwanzoni, likaandikwa.

Mwigizaji mmoja wa kike alikataa. Kwenye filamu anakimbizwa kutoka ziwani alikokuwa anaoga, khanga imelowa mwilini. Leo ana watoto wakubwa na ni kiongozi wa kwaya. "Kaka, wanakwaya wangu wakiniona hivyo, Jumapili nitasimama wapi?" Mhariri aliona tukio hilo ndilo linalofungua mauaji, bila lenyewe hakuna filamu. Alikwenda kwake na kompyuta, akamwonyesha toleo fupi: anatoka majini kwa mbali, halafu mgongo, halafu miguu inayokimbia kwenye kokoto, halafu kelele. Hakuna sura wala kifua. Aliangalia, akamwita mumewe akaangalia, wakakubali. Kwa maoni yangu tukio limekuwa la kutisha kuliko lilivyokuwa, kwa vile sasa humwoni mtu ila unamsikia.

Tukio lililokatwa

Katikati ya filamu muuaji anakwenda kwa mganga, na mganga anamtuma viungo vya mtu mwenye ualbino, kwa kutumia lile neno la zamani la kudhalilisha. Miaka filamu ilipopigwa ndiyo miaka ambayo mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa Kanda ya Ziwa na Kigoma yenyewe, hadi watoto wakawa wanapelekwa Kabanga, Kasulu, wakakae kwa usalama. Kundi liliingiza tukio hilo kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwa watu.

Mhariri alitaka libaki kama ushahidi wa wakati. Mtayarishaji hakuwa na uhakika, akaenda kumwonyesha mzee mmoja mwenye ualbino anayemfahamu. Mzee alilitazama hadi mwisho na hakukasirika. "Nyie mlikuwa mnaigiza," alisema. "Mwanangu hakwenda shule mwaka mzima."

Likaondolewa. Sasa anaonekana muuaji anaingia kwa mganga na anatoka, hatujui aliambiwa nini. Toleo hili ndilo lililopelekwa Bodi ya Filamu kukaguliwa, kwa sababu si nakala ileile ya zamani, likapewa daraja la watu wazima. Baada ya hapo zikafuata stempu za kodi, ambazo kwa kazi za filamu na muziki zilianza 2013, kwa hiyo mtayarishaji alikuwa hajawahi kuzishughulikia. Zilichukua muda na uvumilivu.

Matokeo

Flashi zilikwisha haraka na zilinakiliwa haraka zaidi. Ndani ya siku chache vibanda vya kuwekea watu muvi kwenye simu vilikuwa nayo, bila jalada na bila stempu. Hili lilitarajiwa na bei ya flashi ilipangwa irudishe gharama kwenye mzigo wa kwanza, na ilirudisha.

DVD zilizochekwa ziliuzwa polepole mjini lakini hazikubaki. Wachuuzi wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo walirudi kuchukua nyingine, kwa sababu vijijini kuna runinga za sola na deki, na diski haijazi simu ya mtu. Anayetoa filamu ya zamani Kigoma leo asidharau deki.

Mtandaoni ilipanda bila kuguswa kwa muziki hata sekunde moja. Pingamizi lililokuja lilihusu jalada. Picha ya muuaji iliyowekwa mbele, gunia na panga juu, ilikuwa nzuri kuliko zote, na ilikuwa picha ya VCD ya sehemu ya kwanza. Msambazaji aliitambua na akadai iondolewe. Watu walikuwa wamehangaika na dakika sita za ndani na hawakutazama karatasi ya nje. Jalada likabadilishwa kwa mchoro. Flashi zilizobaki zilibandikwa upya kwa mkono.

Watazamaji waligawanyika. Vijana waliitazama bila yaliyopita na wakauliza kwa nini mkono wa muuaji umeungua, jambo linaloelezwa kwenye sehemu ya kwanza tu. Wakubwa wanaoikumbuka VCD waliliuliza tukio la mganga: "Mmekata!" Hakuna aliyelalamikia damu ya chungwa. Ndiyo iliyopendwa kuliko yote.

Uchambuzi

Kurudi kwenye kanda mbichi ndiko kulikookoa kazi, na kulilipa zaidi kwa sauti kuliko kwa picha. Mtu akiniuliza kama asumbuke kutafuta kamera ya zamani, swali langu la kwanza litakuwa muziki wa filamu yake ulitoka wapi. Kama uliibwa, na wa wakati ule mwingi uliibwa, basi kanda mbichi ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuitoa hadharani leo bila kuwanyamazisha waigizaji wake.

Kukata tukio la mganga kulikuwa sawa, na sioni haja ya kuligeuza jambo hilo kuwa mjadala. Lililokosewa ni kunyamaza. Mashabiki wa filamu za aina hii hununua toleo jipya wakitarajia liwe na zaidi kuliko la zamani. Nchi za nje sehemu kubwa ya biashara ya kuzitoa upya imejengwa juu ya kurudisha vipande vilivyokatwa na wakaguzi. Ukitoa toleo lenye pungufu, liandike kwenye jalada pamoja na sababu. Mstari mmoja ungewanyima neno waliosema tumeogopa.

Utaratibu wa mwigizaji wa kwaya ndio ninaoupendekeza kwa wengine. Hawakumbembeleza wala kumtajia pesa. Walimpelekea kitu cha kutazama. Mtu anayekataa jina la tukio mara nyingi hajakataa kila picha iliyomo.

Kilichogharimu zaidi ni mpangilio wa hatua. Yaliyopita yaliondolewa kwa kuwa msambazaji alikuwa na haki na mtayarishaji aliamini yeye hana kitu. Ukweli ni kwamba msambazaji alikuwa na karatasi bila picha. Masta aliyokabidhiwa ilikuwa imepotea kwenye kuhamahama kwa maduka, na nakala zake za VCD zilikuwa na ubora uleule wa kila mtu. Kanda pekee zinazoweza kuirudisha sehemu ya kwanza zilikuwa kwenye debe la biskuti, Kigoma. Hali hii, haki kwa huyu na kanda kwa yule, ni ya kawaida sana kwa filamu zilizouzwa kwa bei ya mara moja. Aliye na kanda akijua anacho, mazungumzo ya milioni tatu hayaanzi. Yanaanza mazungumzo ya kugawana. Debe lingefunguliwa wiki moja kabla ya simu, dakika sita zingebaki ndani ya filamu, na huenda jalada nalo.

Kuna wanaosema kwamba kanda mbichi nazo ni mali ya msambazaji, kwa sababu aliuziwa "haki zote". Sikubaliani nao kirahisi. Karatasi ilitaja filamu, na kilichokabidhiwa kilikuwa masta. Ila pia sioni mtayarishaji akiweza kuitoa sehemu ya kwanza peke yake hata kidogo. Kila mmoja amemshika mwenzake pale asipoweza kwenda bila yeye.

Na kwa kuwa pingamizi la jalada liliwalazimisha kuzungumza tena, msambazaji aliuliza, kama kwa bahati, picha safi kiasi hicho wameipata wapi. Aliambiwa. Sasa anataka kuitoa sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili irudi na dakika zake sita, zote mbili kwenye flashi moja. Alitaka kanda zisafirishwe Dar. Mtayarishaji amekataa, na zimenakiliwa hapahapa Kigoma, nakala mbili, kila upande yake. Kilichobaki ni asilimia. Dar wanatoa thelathini, Kigoma wanataka nusu, na safari hii mtayarishaji amesema hasaini karatasi ya ukurasa mmoja.